Kutoka Mirembe hadi Butabika: Nikitafuta Pa Kusomea Ubingwa

Daktari akitangaza kwamba anakwenda kusomea upasuaji, anapongezwa. Akisema magonjwa ya watoto, anaombewa dua. Mimi niliposema magonjwa ya akili, mwenzangu wa zamu alicheka akidhani natania, na shangazi yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ugonjwa wenyewe hauambukizi.

Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Ambalo sikuwa na jibu lake ni swali lililofuata: nikasomee wapi? Kwenye karatasi vyuo vyote ni ndugu. Muhimbili miaka 3, Nairobi miaka 3, Makerere miaka 3. Kote kuna wodi ya wanaume na ya wanawake, kote kuna mzunguko wa watoto na wa uraibu, kote kuna tasnifu ya kuandika na mtihani wa kuogopa. Ukisoma vipeperushi vyao unaweza kuchagua kwa kurusha shilingi. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu mahususi nililotaka kulijua, na nilitaka kuona ni wapi wanalishughulikia.

Nafanya kazi katika hospitali ya wilaya mkoani Singida. Kliniki yetu ya afya ya akili ni chumba kimoja kilichobanana na chumba cha chanjo, na anayekiendesha ni muuguzi aliyesomea fani hiyo, mama mmoja anayewajua wagonjwa wake mpaka majina ya baba zao. Kijana analetwa amefungwa kamba, amepiga watu kijijini, siku kadhaa hajalala. Tunamchoma haloperidoli, anatulia, na baada ya wiki chache anatoka amevaa shati safi, anaaga kwa heshima. Kisha anapotea. Dawa zimekwisha, au ameambiwa kwenye maombi kwamba amepona, au nauli ya kuja kliniki imenunua unga. Siku moja unamwona tena getini, na kamba zile zile. Kilichonivuta kwenye fani hii ni hicho kipindi cha katikati, baina ya kutoka wodini na kurudi wodini, ambacho sisi wa hospitali hatukioni kabisa. Basi nikaomba likizo yangu yote kwa mkupuo, nikafunga begi.

Nilianzia Dodoma kwa kuwa ndiko njia inakopita. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na Mtanzania hahitaji kuelezwa ni ya nini. Watoto wa shule hutukanana kwa jina lake. Kondakta wa daladala nilipomwambia anishushe hapo alinitazama mara mbili, kisha akaniuliza, "Unakwenda kuona mgonjwa?" Nikamjibu naenda kutafuta shule. Hakuniongelesha tena.

Mirembe ina ndugu yake, Taasisi ya Isanga, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Isanga hupokea watu wanaoletwa na mahakama. Mtuhumiwa wa mauaji, kwa mfano, akionekana mbele ya hakimu kwamba akili yake haijakaa sawa, mahakama inaweza kuamuru apelekwe akachunguzwe, na sheria inampa daktari siku 42 kuandika taarifa yake. Swali si kama mtu huyu ni mgonjwa leo. Leo ameshakunywa dawa, amekula, amelala. Swali ni siku ile, saa ile: je, alikuwa na uwezo wa kuelewa anachofanya, wa kujua kwamba hapaswi kukifanya, au wa kujizuia? Daktari anatakiwa kurudi nyuma miezi, pengine miaka, aingie ndani ya asubuhi moja ambayo hakuwepo.

Daktari mmoja wa fani hiyo alinieleza anavyowafundisha vijana wanaopitia kwake. Huwaambia waachane kwanza na majina ya magonjwa. Waulize mambo madogo. Asubuhi ile alikunywa chai? Alisalimia majirani? Panga alilifuata wapi, na baada ya tukio alilificha au aliliacha palepale? Alikimbia, au walimkuta amekaa chini ya mti anaongea peke yake? Akanionyesha fomu tupu, ukurasa baada ya ukurasa, akasema, "Dokta, hapa mgonjwa wako wa pili ni karatasi. Ukiandika vibaya, mtu anahukumiwa kunyongwa au anakaa ndani miaka bila sababu." Nilitoka pale nikiwa nimevutiwa kweli. Mtu mwenye moyo wa kisheria, anayependa kubishana na ushahidi, asiende mbali. Angetafuta chuo chochote kitakachompa miezi mirefu Isanga, mengine yatajileta yenyewe. Lakini niliona pia kwamba kazi ile inatazama nyuma, na mimi nilitaka inayotazama mbele: huyu akirudi kwao Manyoni, nani atamwona?

Toka Dodoma hadi Dar es Salaam nilipanda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria wa njia hiyo mwaka 2024. Sina la kusimulia juu yake zaidi ya kwamba ilifika kwa wakati na jirani yangu alilala mdomo wazi tangu Gulwe.

Muhimbili nilipaogopa kidogo. Ndiko nilikosomea, na mtu huogopa kurudi mahali anapojulikana kama mwanafunzi. Safari hii sikwenda wodini kwanza. Nilikwenda kwenye kliniki inayowapa waraibu wa heroini methadoni, iliyoanza Februari 2011, ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Heroini imekuwa ikishuka kwenye pwani yetu tangu miaka ya 1980, ikiletwa kwa majahazi kutoka pwani za Pakistani na Irani, na sehemu yake haiendelei na safari. Inabaki Kinondoni, Temeke, Unguja na Mombasa, ikigawiwa kwa kete.

Asubuhi pale kuna foleni. Kila mtu anafika dirishani, anataja jina, nesi anahakikisha sura na namba, anapima dozi kwenye kikombe kidogo. Anayepewa anakunywa palepale mbele ya nesi, kisha anakunywa maji, kisha anatakiwa aseme neno, ili ijulikane amemeza na hajaificha shavuni akaiuze. Wengi husema "Asante, sista." Mmoja alisema "Simba bingwa," nesi wa Yanga akamfukuza dirishani kwa mzaha. Jamaa mmoja wa makamo, fundi makenika, alikaa nami kwenye benchi akanieleza kwa nini anakuja kila siku kwa miaka: arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa heroini. "Arosto ikikushika, dokta, hata mama yako unamweka bei. Mimi nimeshachoka kumweka mama bei." Aliniambia anajua tarehe ambayo rezidenti wa zamu, yaani daktari anayesomea ubingwa, atahama kwenda wodi nyingine, kwa sababu huwa anawahesabia. "Nyie mnapita. Sisi ndio wenyeji."

Wakati ule niliandika kwenye daftari langu: uraibu, Muhimbili, nzuri sana kwa anayependa hilo. Nikapiga mstari.

Rezidenti wa mwaka wa pili aliyenitembeza alinipa ushauri uliobaki kuwa kipimo changu safari nzima. Alisema watu wanaotafuta chuo huuliza maprofesa wako wangapi, vitabu viko wapi, hosteli ni bei gani. Ulizia usiku. Saa nane usiku ameletwa mtu amepandwa, anatishia kujirusha, ndugu zake kumi wanapiga kelele mlangoni: ni nani yuko na wewe? Kama ni wewe na mlinzi, utajifunza kuchoma sindano. Kama kuna mkubwa wako anayepokea simu, na kesho yake anakaa chini nawe saa nzima kuuliza kwa nini ulimwambia mgonjwa neno hili na si lile, hapo utajifunza kazi. Kuna chuo kingine kabisa, ambacho si miongoni mwa ninavyovitaja hapa, nilichokipigia simu kuuliza swali hilo. Mkuu wa idara alinijibu kwamba wanafunzi wake wana uzoefu mkubwa wa kujitegemea. Nikakifuta.

Nikiwa njiani kwenda Nairobi kwa basi, niliteremka Korogwe ili nipande hospitali ya Lutindi. Lutindi haitoi ubingwa wowote, wala hakuna aliyenishauri niende, ila nilikuwa nimesoma habari zake na sikuweza kupita tu. Barabara inapanda milima ya Usambara kwa kona za kukata pumzi, migomba na chai pande zote. Wamisionari wa Kijerumani wa Betheli walijenga kituo pale mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hata leo ni hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Tiba yake kubwa, mbali na dawa, ni kazi: chai, bustani, ng'ombe, useremala, kufuma.

Nina wasiwasi na maneno "tiba ya kazi". Historia ya hospitali za akili imejaa wagonjwa waliolimishwa mashamba ya watu kwa jina hilo. Kwa hiyo nilitazama kwa jicho la ubaya. Nilichokiona ni mzee anayerudishwa taratibu kwenye saa: kuamka, kunawa, kufika mahali, kuanza kitu, kukimaliza. Fundi seremala aliyekuwa naye hakuwa anamsifu kama mtoto. Aliupima ubao wake, akamwambia umepinda, rudia. Yule mzee akarudia, akinung'unika kama fundi yeyote. Serikali ya Tanzania nayo iliwahi kufikiri hivyo, ikaanzisha vijiji ambako wagonjwa waliotulia waliishi na kulima. Muhimbili ina chake, Vikuruti, nje ya jiji. Wazo hilo lilipoa baadaye. Nadhani lilipoa mapema mno, ingawa najua wapo wakubwa zangu watakaobisha.

Namanga nilipita bila tabu, kwenye kituo kile cha pamoja ambapo unatoka Tanzania na kuingia Kenya ndani ya jengo moja. Kajiado, Kitengela, Athi River, foleni, Nairobi.

Hospitali ya Mathari iko kando ya barabara ya Thika, magari yanapita mbio hata husikii mtu akikuita getini. Ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya vichaa ya serikali ya kikoloni. Nilikwenda pale nikiwa na kisa kichwani, na ni kisa ambacho kila anayechagua chuo cha fani hii angepaswa kukijua kabla ya kuulizia hosteli.

Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa kwa daktari wa serikali aitwaye John Colin Carothers. Hakuwa na ubingwa wa magonjwa ya akili alipopewa hospitali hiyo. Aliiongoza mpaka 1950. Alikuwa mtu wa bidii, akahesabu waliolazwa, magonjwa yao, makabila yao, kazi zao. Akaona kwamba katika Waafrika waliolazwa, wenye sonona ni wachache sana. Mwenye sonona hafiki Mathari. Hajampiga mtu wala hajachoma nyumba ya mtu, amekaa tu ndani anakonda, na polisi hawamkamati mtu kwa kukonda. Lakini Carothers hakulitazama hivyo. Alihitimisha kwamba Mwafrika hashikwi sana na sonona kwa sababu ya jinsi akili yake ilivyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na watu walionyang'anywa ardhi wakaelezwa kama watu waliochanganyikiwa na maendeleo.

Unaweza kusema huyo alikuwa mkoloni na yamekwisha. Ubaguzi ulikuwepo, sibishi. Ila mimi kinachonitisha ni njia aliyopitia, kwa sababu naweza kuipita mimi. Alikaa ndani ya geti moja, akawatazama waliopita getini kwa uaminifu kabisa, akawachukua kuwa ndio nchi. Rezidenti yeyote anafanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo. Aliyelelewa kwenye wodi ya wagonjwa waliofungwa kamba ataamini magonjwa ya akili yote huja na kamba. Aliyelelewa kwenye kliniki ya wafanyakazi wa ofisini ataamini yote ni msongo wa kazi. Kwa hiyo usichague chuo kabla hujakaa getini kwake asubuhi moja ukatazama nani anaingia, na nani unayemjua wewe kwenu ambaye humwoni hapo.

Nilikaa. Niliona akina mama na vijana wao, wazee wenye bahasha za picha za kichwa, wanafunzi wa chuo kikuu wawiliwawili, gari la magereza. Ni geti pana kweli. Rejista, kama wanavyowaita marezidenti huko, alinikaribisha kantini, chai ya maziwa na mandazi. Alikuwa amechoka kwa namna ya mtu anayeipenda kazi yake. "Hapa, daktari, utaona kila kitu," aliniambia. "Ukimaliza hakuna mgonjwa atakayekutisha tena. Kazi ni kupata wakati wa kukifikiria ulichokiona." Nilipomuuliza kama huwa wanawafuata wagonjwa nyumbani, alicheka, akaonyesha barabara. "Nyumbani kwa nani? Huyu ametoka Kitui, yule Garissa." Alitaja vizuri pia mabadiliko ya sheria, hasa marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022, yanayozitaka kaunti zibebe huduma hizi badala ya kila kitu kupelekwa Nairobi. Kama nia yako ni sera, kukaa karibu na wanaotunga na kusukuma mambo, Nairobi ndio mji. Na ukitaka kuwa daktari asiyetishika, hali kadhalika.

Eldoret tulipita usiku na basi. Najua kuna hospitali kubwa ya rufaa ya Moi na idara inayoheshimiwa, lakini likizo ilikuwa inakata.

Kampala ndiko nilikotarajia kubaki. Nisiseme uongo, nilikwenda nikiwa nimeshaamua nusu. Sababu ni utafiti mmoja. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika vijiji viwili vya Uganda. Hawakukaa hospitali wakasubiri. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakauliza, wakalinganisha na wanawake wa kusini mwa London. Sonona waliyoikuta vijijini ilikuwa nyingi kuliko ya London. Ugonjwa ambao Carothers aliuona haba ulikuwa umejaa nyuma ya migomba muda wote.

Na Uganda mambo hayakuishia kwenye kuhesabu. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Masaka na Rakai, wilaya zilizomalizwa na UKIMWI. Kwanza watu wa huko waliulizwa wenyewe huzuni inayofuata misiba wanaionaje, wakataja hali mbili: mtu kujichukia, na mtu kujihurumia. Kisha wenyeji wasio madaktari walifundishwa kwa wiki mbili kuendesha vikundi vya mazungumzo, mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao. Vijiji vilivyopata vikundi vilipata nafuu kubwa kuliko vile visivyopata. Nilipousoma utafiti huo Singida, nilimsomea muuguzi wetu kwa sauti.

Hospitali ya akili ya Butabika, iliyofunguliwa 1955, iko pembeni ya Kampala, ukiikaribia unaanza kuhisi upepo wa ziwa. Nyasi zimekatwa, miti mikubwa, kunguru. Ina uhusiano wa muda mrefu na hospitali za afya ya akili za mashariki mwa London, na mojawapo ya matunda yake ni kuwafundisha watu waliowahi kulazwa wenyewe wawatembelee wenzao waliotoka wodini. Yaani lile jambo langu, kipindi cha katikati, hapa lina watu wake wanaolipandia bodaboda. Nilikutana na mmoja wao. Aliongea nami Kiswahili alichojifunza kwa jirani zake askari, akanieleza kwamba mgonjwa humwambia yeye asichomwambia daktari, kwanza kama anameza dawa. "Daktari anauliza, unameza? Anasema ndiyo. Mimi naangalia chini ya godoro."

Kisha nikaingia kliniki. Rezidenti mkarimu aliniruhusu nikae pembeni wakati anamhoji mama mmoja aliyeletwa na dada yake. Mama alizungumza Kiganda. Alizungumza muda mrefu, mara kwa utulivu, mara kwa haraka, katikati akacheka, akanyamaza, akamtazama dada yake, akaendelea. Rezidenti alimsikiliza vizuri, akauliza mawili matatu, kisha kwa ajili yangu akageuka na kusema kwa Kiingereza kwamba mama anasema amechoka na halali.

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa kitu. Sikujua kama maneno ya mama yalifuatana au yalirukaruka. Sikujua kama kile kicheko kilikuwa cha uchungu, cha heshima, au cha mtu anayesikia sauti tusizozisikia. Sikujua alinyamaza kwa kuwa amepoteza wazo au kwa kuwa kuna jambo halisemwi mbele ya dada mtu. Hayo ndiyo uchunguzi wenyewe katika fani hii. Hatuna stetoskopu ya kusikilizia fikra, tuna masikio. Daktari wa upasuaji anaweza kufungua tumbo la mtu asiyejua lugha yake na akamwokoa. Mimi ningekaa Kampala mwaka mzima nikipokea muhtasari, na mwaka wa pili nikianza kuelewa nusu. Wako wanaojifunza Kiganda wakakijua hasa, na nawavulia kofia. Ila kwa ajili ya miaka mitatu niliyonayo, nikipima nitakachokipata na nitakachokuwa ninakikosa kila asubuhi kwenye kiti kile, hesabu ilinikatalia.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni Ntinda, nililitoa daftari nikasoma nilichokiandika kuhusu kila mahali. Nikakuta ule mstari chini ya Muhimbili, na ndipo nilipoona nilichokipita bila kukitambua. Nilikuwa nimezunguka nchi tatu nikitafuta mahali ambapo daktari humwona mgonjwa wake akiwa hajazidiwa, siku za kawaida, anapogombana na mkewe, anapopata kibarua, anapokosa nauli, anapoyumba kidogo bila kuanguka. Lile dirisha la methadoni ni mahali hapo. Fundi makenika anaonekana kila siku ya Mungu kwa miaka. Nesi anajua kabla ya daktari kwamba wiki hii huyu si mzima, kwa namna tu alivyosema "asante". Kila kinachotokea baina ya kuanguka na kuanguka kinapita pale mbele ya macho, na kinazungumzwa kwa Kiswahili ninachokiota. Mimi nilipaona mahali pa wanaopenda uraibu.

Basi nimeomba Muhimbili. Najua ninachokiacha. Sitakuwa na ngozi ngumu ya mtu wa Mathari, na mbinu za vijijini za Uganda nitazisoma kwa maandishi zaidi kuliko kwa miguu. Isanga nitaiomba kwa mzunguko, mwezi au zaidi wakinipa, nijifunze kuandika taarifa isiyomwonea mtu. Kwa tasnifu nataka kujaribu vikundi kama vile vya Masaka na Rakai, vikiongozwa na wanakijiji, Singida, kwa ndugu wa wagonjwa wetu kwanza. Hata hapo lugha haijaniacha salama: bibi wa Kinyaturu akizidiwa hulia kwa Kinyaturu, na mimi najua salamu na bei za kuku tu. Angalau huko kuna wa kunifundisha, na nitakuwepo zaidi ya miaka mitatu.

Halmashauri imetoa ruhusa ya masomo kwa sharti la kurudi kufanya kazi, sharti ambalo nililisaini haraka kuliko walivyotarajia. Barua ya ufadhili bado. Muuguzi wetu alisikiliza habari zote za safari akichambua mafaili, hakushangazwa na Kampala wala Nairobi. Alichotaka kujua ni hivyo vikundi vitaanzia wapi. Nilimwambia tuna miaka ya kufikiri. Kesho yake alinipa karatasi yenye orodha ya vijiji, na mbele ya kila kijiji ameandika jina la mtu mwenye pikipiki.